Mpaka Mzee Aache Kutafuna

Siku ile mjinga alikuwa yeye, Mkasi, na afadhali tuliseme hilo mapema, msomaji asije akahangaika kumtafuta mjinga mwingine. Alikuwa amekaa sebuleni kwa wakwe zake, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka linataka kukata, rimoti mkononi, akiwaonyesha sehemu ya kwanza ya tamthilia aliyoiongoza mwenyewe. Tamthilia ya kutisha. Na mama mkwe wake, mwenye riwaya iliyozaa tamthilia hiyo, alikuwa anacheka.

Wala hakuwa akicheka kwa heshima, kwa kufunika mdomo. Alicheka mpaka akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaliona tena jitu kwenye skrini, akaanza upya.

"Nisamehe mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Lakini huyo ana meno ya sungura."

"Ni ya simba, mama," Mkasi alisema.

"Basi simba wako alilelewa na sungura."

Mkasi aliyatazama meno yale. Hadi muda huo aliyapenda. Alimsimamia fundi wa vinyago mpaka fundi akatamani kubadilisha kazi. Jitu lenyewe lilikuwa la mpira, jeusi, refu kupita mlango, na ndani yake alikuwamo mwigizaji mmoja waliyemwita Twiga, aliyekuwa akitoka humo amelowa kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Lilipotokea kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kuhariria, timu nzima ilipiga makofi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini watu wanaoogopa wapate nafasi ya kupiga makofi.

Kwa kawaida Mkasi hakuwa mtu wa kupumbazwa na makofi. Dunia ilimfundisha kwa vibao, chaki aliiona kwa wenzake. Alianza kwa kubeba mabegi ya kamera za watu. Akapiga picha za harusi, akatimuliwa kwenye moja kwa kukata hotuba ya mjomba wa bwana harusi, hotuba iliyodumu kuliko ndoa yenyewe. Akaajiriwa kituo cha televisheni, kituo kikafungwa. Akauza viatu vya mitumba, mvua ikamkuta barabarani na viatu vyote. Kila alipoanguka aliinuka na utani mpya, ndiyo maana watu walimpenda hata alipowaudhi. Jina la Mkasi alilipata baadaye, aliporudi kwenye kamera. Ukimpa riwaya nene kama tofali, alikurudishia tamthilia iliyokonda ikapendeza. Alikata vilio, alikata kuagana kwa stesheni, alikata wahusika wazima pamoja na shemeji zao.

"Mimi sina huruma na maneno ya watu," alizoea kusema.

Kumbe huruma yote alikuwa amemwekea jitu.

Mama mkwe wake ndiye yule mwandishi ambaye wasomaji walimbandika jina la Bibi Vitisho. Vitabu vyake vilisomwa na wanafunzi chini ya madawati, na walinzi kwenye vibanda vyao, na wanawake saluni wakisubiri nywele zikauke, wakishtuka kila mlango unapofunguliwa. Yeye mwenyewe alikuwa mama mpole anayeotesha maua kwenye makopo ya rangi. Akimkuta panya jikoni humfukuza kama anayemwomba radhi.

Televisheni ilishamtenda. Riwaya yake ya kwanza iliangukia kwa watu walioona imepooza, wakaitia nyimbo. Mzimu ukaimba, tena na waitikiaji. Riwaya ya pili ilikuwa na mhusika anayefukiwa hai. Kwenye televisheni mhusika huyo aliamka kitandani kwake mwishoni, akajinyoosha, kumbe yote yalikuwa ndoto. Bibi Vitisho alizima televisheni siku hiyo akaifunika kitambaa, na kitambaa hicho hakikuondolewa mpaka mkwe wake alipokuja na maombi.

Mkasi alikuwa ameomba *Ndara Mlangoni*, riwaya ambayo mama huyo aliipenda kuliko zote. Ni hadithi ya mjane. Kila jioni anaziweka ndara za marehemu mumewe nje ya mlango, vidole vikielekea barabarani, kama alivyokuwa akimwekea enzi za uhai wake. Kila asubuhi anazikuta zimegeuka, vidole vinaelekea ndani. Hayo tu. Anayezigeuza haonekani popote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mama mkwe alikubali kwa sharti moja, akalitamka mbele ya mumewe na binti yake. Mkasi atengeneze sehemu ya kwanza peke yake. Ikimridhisha, zilizobaki ni zake atengeneze hadi mwisho. Isipomridhisha, riwaya inarudi kabatini na hakuna kuulizana. Na kule kituoni, Mkuu wa Vipindi naye alisema lake: bibi akikataa, nafasi ya tamthilia inajazwa marudio ya mpira na timu nzima inakwenda nyumbani. Kwa hiyo siku ile Mkasi alikuwa na kazi ya timu yake yote kwenye rimoti moja. Na heshima yake mwenyewe ilikuwa humo humo. Walioharibu riwaya za mwanzo hawakuwahi kukanyaga nyumba ile. Yeye alikula humo kila Jumapili.

Lakini kicheko cha mama hakikumuumiza kama utafunaji wa baba.

Baba mkwe alikuwa dereva wa treni mstaafu, mtu wa maneno machache, mwenye taya lisilochoka. Bibi Vitisho hakuwahi kumpelekea mchapishaji sura yoyote kabla haijapita kwa mume wake. Humwekea sahani ya karanga, akakaa mbele yake, akamsomea. Mzee husikiliza akitafuna. Hatoi maoni, wala haombwi. Mwandishi anasoma jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye taya. Sura ambayo mzee ameitafunia mwanzo mpaka mwisho, hiyo inaandikwa upya. Mahali ambapo mzee amesahau karanga mdomoni, hapo panabaki kama palivyo, hata mhariri alie. Familia nzima ilijua. Binti zake walikua wakidhani waandishi wote duniani wanafanya hivyo.

Sasa siku ile jitu lilivunja dirisha, mzee akatafuna. Mjane alipiga ukelele wa kupasua spika, mzee akatafuna. Jitu lilipopanua kinywa na yale meno yakajaa skrini yote, mzee aliinama kuongeza karanga.

"Nitakupa nafasi nyingine," mama mkwe alisema picha ilipokwisha. Hakuwa akicheka tena. "Moja. Na ninakupa kwa ajili ya binti yangu, sungura wako asidhani ni kwa ajili yake."

"Nimekusikia, mama. Utaogopa mpaka unipige."

"Ningependa sana kukupiga, mwanangu. Nipe sababu nzuri."

Njiani kurudi kwao, mkewe, muuguzi aliyezoea kutuliza watu wenye maumivu, alitembea akiwa ameuma midomo.

"Cheka tu," Mkasi alimwambia. "Najua umejibana tangu kule."

"Sicheki. Nawaza sungura wako anakula nini."

"Haya."

"Hebu nikuulize, baba watoto. Muda wote ule ulikuwa unaangalia nini?"

"Picha. Nini tena?"

"Picha uliyoipiga mwenyewe, ukaihariri mwenyewe. Ulikuwa unataka kujua inaishaje?"

Mkasi aliligeuza swali lile kichwani mpaka wakafika kwao.

Kesho yake alikwenda kwa Mkuu wa Vipindi, ofisi yenye dirisha linalotazama watu wanaoosha magari. Mkuu alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kufungulia mikutano. Nyuma ya kiti chake alikuwa amebandika picha ya jitu, kubwa kuliko ya familia yake.

"Tulipunguze kidogo," Mkasi alianza kwa mbali.

"Tupunguze nini?"

"Jitu."

Mkuu alimtazama kama mtu aliyeambiwa apunguze mtoto. "Kaka, nimeshalitangaza. Mabango yako barabarani. 'Utaliona.' Nimeandika hivyo, kwa herufi nyekundu. Halafu nimwambie mtazamaji nini, kwamba jitu limepata dharura?"

"Kwenye riwaya halipo."

"Kwenye riwaya hakuna hata kioo. Sikiliza, ndugu yangu. Redio ni ya kusikiliza. Televisheni ni ya kuona. Kisichoonekana hakitishi. Hilo nililijua kabla sijaoa."

"Na ulipooa?"

"Usinitanie. Kalipunguzie mwanga, kaliongezee moshi, fanya ufundi wako. Lakini jitu nilione."

Mkasi alirudi kwenye chumba cha kuhariria akafanya ufundi wake. Alilipunguzia jitu mwanga, likawa koti lililotundikwa ukutani. Alilizungushia moshi, likawa mtu aliyeunguza chakula. Alilikimbiza haraka haraka, likafanana na mfanyakazi aliyechelewa kuamka. Alilionyesha nusu, kutoka mabegani, na hapo ndipo lilipochekesha kuliko yote, kwa sababu mabega yale yalionekana yamenuna. Dada wa sauti, msichana asiyecheka ovyo, alivua vipokea sauti masikioni akatoka nje kwenda kuinamia ukuta.

Mwingine angekata tamaa. Mkasi alikuwa ameshazoea kuanguka, na kitu kimoja anachokijua mtu wa kuanguka ni kwamba ukishafika chini huna pa kwenda ila juu. Alikaa akakumbuka swali la mkewe. Ulikuwa unaangalia nini? Akabeba kompyuta yake begani, akaenda kwa wakwe mchana kweupe, saa ambayo alijua mama mkwe yuko kwa mchapishaji wake.

Alimkuta mzee barazani na sahani yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako hayupo."

"Nimekuja kwako, baba. Naomba unisaidie kuangalia picha."

"Ya sungura?"

"Yeye na vingine."

Mzee alivuta kiti. Mkasi aliiweka kompyuta juu ya stuli, ikamtazama mzee, yeye akakaa nyuma ya kompyuta. Hakuona picha hata kidogo. Alichokiona kilikuwa uso wa mzee, na taya, likienda na kurudi kama gari moshi lililopata reli yake. Alimwekea kila kitu walichokipiga, vilivyotumika na visivyotumika, vizuri na takataka, bila mpangilio. Aliyajua matukio kwa sauti zake. Dirisha likavunjika, taya likaendelea. Mjane akapiga ukelele, taya likaendelea. Jitu likanguruma, na mzee akapenga kamasi, akaendelea.

Kisha kukawa kimya. Mkasi akadhani kompyuta imezima, akataka kuinuka aiangalie. Akaona taya limesimama.

Mzee alikuwa ametulia, shavu moja limevimba kwa karanga ambazo alikuwa amezisahau humo. Hakupepesa macho. Barabarani mtu alipita na baiskeli, akapiga kengele, mzee asisikie.

Mkasi alisubiri. Taratibu, kama treni inayoondoka kwa kuibia, taya likaanza tena. Hapo akainuka akatazama ni kipande gani. Kilikuwa kipande cha bure. Siku ile walipiga picha ya mjane akiweka ndara, Mkasi akasema basi, imetosha, watu wakatawanyika kwenda kunywa maji, na mpiga kamera akasahau kuizima. Kamera ikabaki peke yake inautazama mlango. Mlango umefungwa. Ndara mbili za ngozi kizingitini. Pazia la dirisha linavuta pumzi kidogo, linaiachia. Hakuna mtu, hakuna kinachotokea, tena kwa muda mrefu kupita kawaida, na kadiri kisivyotokea ndivyo unavyotaka kuuambia mlango ule ubaki hivyo hivyo ulivyo.

"Baba, hapo umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Mbona umeacha kutafuna?"

Mzee alifikiri. "Nimeacha?"

"Umeacha."

"Basi nilikuwa nimeshiba," mzee alisema, akachota karanga nyingine. Lakini Mkasi alipokuwa akiaga, alimwona mzee akinyoosha mguu polepole, akizisogeza kwa kidole ndara zake mwenyewe zilizokuwa mlangoni. Alizisogeza mpaka zikawa ubavu kwa ukuta, zisielekee ndani wala nje.

Mkasi alitembea barabara nzima akipiga mluzi.

Alianza kukata. Na safari hii alikata kweli, kama jina lake. Alikata dirisha linalovunjika, akakata ukelele, akakata moshi, na mwisho akalishika jitu, kuanzia meno hadi unyayo, akalitoa lote. Kidole kilisita juu ya kitufe, maana alikumbuka usiku na mchana wa fundi wa vinyago. Kisha akabonyeza. Ikawa kama kung'oa jino: kabla unatetemeka, baada unashangaa ulikuwa unalilea la nini.

Twiga alipewa habari hizo kwenye ngazi za studio, akakaa chini, magoti yakamfika masikioni.

"Kaka, hata unyayo?"

"Hata unyayo."

"Nimewaambia watu wote mtaani kwamba nitaonekana. Mama yangu amealika majirani."

"Mama yako akuone ukiwa na meno yale? Mimi nimemwokoa. Sikiliza, wewe ulijifundisha kupumua, si ndiyo?"

"Nilijifundisha sana. Jitu lina pumzi yake. Inatoka tumboni, inakwama hapa, halafu inakuja."

"Hebu pumua."

Twiga alipumua. Dada wa sauti, aliyekuwa akipita na chai yake, alisimama ngazini akageuka nyuma.

"Pumzi nimeinunua," Mkasi alisema. "Sura nakurudishia, ukaitumie kwingine. Utakuwa nyuma ya mlango tangu mwanzo wa tamthilia hadi mwisho wake. Mama yako awaambie majirani wasikie vizuri."

Twiga alilipima hilo. "Nyuma ya mlango wote?"

"Mlango wote ni wako."

"Basi nahitaji mlango mzito," Twiga alisema, ameshaanza kuringa.

Siku ya kuonyesha, Mkuu wa Vipindi alikuja mwenyewe, amevaa suti, ameleta maua ya mama mwandishi. Alikuwa hajaambiwa. Mkasi alikuwa amekusudia kumwambia asubuhi, akaahirisha mpaka mchana, na sasa ilikuwa alasiri na maua yameshapokelewa. Mkewe alimnong'oneza wakati wakifunga mapazia.

"Umemwambia?"

"Ataona."

"Ataona nini, kama hakuna cha kuona?"

"Ndiyo nilivyosema."

Nje jua lilikuwa kali, linajipenyeza pembeni mwa pazia kama mtu anayetaka kuingia bila tiketi. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake kilichochoka. Mzee alikaa kwenye kochi, sahani mapajani. Mkuu alipewa kiti kizuri, karibu na mlango wa ukumbi mwembamba unaokwenda maliwatoni. Mkasi alivuta stuli akaiweka chini ya televisheni, akakaa, mgongo kwa skrini na uso kwa watu.

"Wewe hutazami?" Mkuu aliuliza.

"Mimi natazama," Mkasi alisema, akabonyeza rimoti.

Mwanzoni ilisikika sauti moja tu chumbani, na haikutoka kwenye spika. Ilikuwa taya la mzee. Karanga zilikuwa za kukaanga vizuri, na kila moja ilitangaza kifo chake. Mkasi alisikia nyuma yake mjane akifagia, akimwita mtoto, akijibizana na jirani kuhusu maji. Taya likaendelea. Akasikia jioni ikiingia, mlango ukifungwa, ndara zikiwekwa chini, moja, halafu ya pili. Taya likaendelea. Mkuu alikuwa akitabasamu na kutikisa mguu, akimsubiri mgeni wake.

Asubuhi ya kwanza, ndara zikawa zimegeuka. Mjane akadhani ni mtoto. Taya likapunguza mwendo.

Asubuhi iliyofuata, zimegeuka tena, na zina vumbi jipya. Mzee alichota karanga akabaki nazo kwenye kiganja.

Kisha kikaja kipande cha bure. Mkasi alikijua kwa ukimya wake. Mlango, ndara, pazia linalopumua. Halafu, kwa mbali kabisa, kitu kilichokuwa si pazia kikapumua pamoja nalo. Kilitoka tumboni, kikakwama, kikaja.

Taya lilisimama.

Lilisimama huku mdomo uko wazi kidogo, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia friji jikoni. Mkasi alimwangalia mzee, na alipoinua macho akaona si yeye peke yake. Mama mkwe naye hakuwa akiitazama televisheni. Alikuwa amegeuza shingo, miwani ikimeta, analitazama lile taya lililosimama, kama alivyokuwa akilitazama miaka yote ya kazi yake. Macho yao yakakutana juu ya sahani ya karanga. Mama aliinamisha kichwa kidogo tu, kama fundi anavyomwinamishia kichwa fundi mwenzake.

Mkuu alikuwa ameacha kutikisa mguu. Hakujua ameacha lini.

Kwenye skrini, mjane alisimama ndani akitazama kitasa cha mlango wake. Kitasa kikashuka kidogo sana. Picha ikakatika, majina yakaanza kupita.

Mkewe alifungua pazia. Jua likaingia sebuleni na kila mtu akashukuru bila kusema.

"Ya pili unaanza lini?" mama mkwe aliuliza.

"Ukiniruhusu, kesho, mama."

"Kwa nini kesho? Leo kuna nini?"

Mkasi alicheka, mkewe akacheka. Lakini Mkuu wa Vipindi alikuwa ameinuka. Sauti yake ya mikutano ilimrudia taratibu, kwanza kikohozi, kisha maneno.

"Samahani, mama yangu. Hongera, kazi ni safi. Lakini mimi nina swali dogo. Jitu liko wapi?"

"Nimelikata," Mkasi alisema.

"Umelikata kiasi gani?"

"Lote. Imebaki pumzi tu."

"Kaka." Mkuu alilegeza tai. "Mimi ndiye ninayerusha. Nisiporusha, haya mazuri yote mtayaangalia hapa hapa sebuleni. Barabarani nimeandika 'Utaliona'. Sasa hapa nimeona mlango. Nimeona ndara. Mimi nyumbani nina milango, na ndara ninazo. Mama, kwa heshima zako zote, mtazamaji hatishwi na mlango."

"Wasomaji wangu wanatishika, baba," mama mkwe alisema kwa upole.

"Wasomaji ni watu wa kusoma. Hawa wangu ni wa kuona. Nipe jitu hata mkono tu. Hata kucha."

"Ukiona kucha, utajua lina ukubwa gani," Mkasi alisema. "Ukijua ukubwa wake, umeshaanza kutafuta fimbo."

"Usinipige maneno, nakufahamu. Tulirudishe, au mimi niweke mpira. Nawaachia mfikirie, mimi naomba nipite maliwatoni mara moja, nikirudi mniambie."

Akageuka, akauendea mlango wa ukumbi uliokuwa nyuma ya kiti chake. Akashika kitasa. Hakukishusha. Alibaki amekishika, akarudisha uso kwao, akaendelea na hoja zake kana kwamba ndizo zilizomsimamisha.

"Maana fikirieni wenyewe," alisema. "Hofu ni kitu cha macho. Mimi nimefanya kazi hii tangu televisheni za mgongo. Hakuna mtu mzima, mwenye akili zake, atakayekaa kwake akaogopa kitu kisichokuwapo." Mkono ulikuwa bado uko kwenye kitasa, vidole vimekaza mpaka vimepauka. "Kama hakuna cha kuona, hakuna cha kuogopa. Hiyo ni hesabu rahisi. Mlango ni mlango."

Mkasi alikuwa na jibu, tena zuri, limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Mkewe akamgusa goti, akamwonyesha kwa macho upande wa kochi.

Mzee alikuwa ametafuna zile karanga alizozisahau, akazimeza, akaweka sahani kando. Alijipangusa midomo kwa mgongo wa mkono, akamtazama Mkuu wa Vipindi kwa utulivu wa mtu aliyewahi kusubiri ishara nyingi kwenye reli.

"Mwanangu," alisema, "kitasa hicho umekishika tangu ulipoomba kwenda maliwatoni. Kama nyuma yake hakuna kitu, mbona hufungui?"